Mtu Mzima Kucheza: Maana Yake Nini?

Kiswahili hakimtetei mtu mzima anayetaka kucheza. "Acha mchezo" ni karipio. Jambo zito "si mchezo". Anayekuchezea anakudharau, na mzaha mzaha, tumeonywa tangu utotoni, hutumbuka usaha. Mtoto akiruka kamba uani tunafurahi kwamba yu mzima. Baba yake akiiokota kamba ileile, watu wataulizana kulikoni.

Lugha hiyohiyo, hata hivyo, imehifadhi maana nyingine ya kucheza. Jino likilegea tunasema linacheza. Fundi akitikisa usukani uliolegea husema unacheza. Kinachocheza ni chenye nafasi ya kusogea, hakijabanwa kila upande. Najua, usukani wa namna hiyo ni hatari na jino hilo litang'oka. Lakini hata bawaba haikazwi mpaka mwisho, maana mlango hautafunguka. Mchezo katika maisha ya mtu mzima ni nafasi ya aina hiyo: kipande cha siku ambacho lazima haijakikaza.

Mwanahistoria wa Uholanzi, Johan Huizinga, alilichukulia jambo hili kwa uzito mwaka 1938. Alisema mchezo ni tendo la hiari, lililo nje ya shughuli za kawaida, lenye mipaka yake ya muda na mahali, lenye kanuni zake, na lisilotafuta faida ya mali. Tena alidai kwamba sheria, mashairi na hata vita vina asili ya mchezo ndani yake. Unaweza kubishana naye kuhusu vita, lakini sifa zile zinasaidia, hasa ya kwanza: hiari. Uliyelazimishwa kucheza huchezi, unatii.

Kwa hiyo aina ya tendo haitoshi kutuambia kama ni mchezo. Watazame mbwa. Kabla ya kumrukia mwenzake, mbwa hushusha kifua chini na kuacha makalio juu, ishara kwamba kinachofuata si ugomvi. Kisha wanang'atana, kwa meno yaleyale yanayotumika kwenye ugomvi wa kweli, na hakuna anayeumia. Mbwa wakubwa nao hufanya hivyo. Kwa binadamu ni vivyo hivyo: watu wawili wanakimbia barabara moja asubuhi, mmoja anacheza na mwingine yuko kazini, wala ukiwa dirishani huwezi kuwatofautisha.

Wa pili huyo utamjua jioni. Simu inamwambia ametembea hatua 9,400, basi anazunguka kitanda mpaka zitimie 10,000. Inafaa ajue kwamba namba hiyo ilipata umaarufu kutokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani miaka ya 1960, ambacho jina lake lilibeba hizo hatua elfu kumi. Kutembea ni kuzuri, simkatazi. Ila kilichokuwa matembezi sasa ni deni linalolipwa kila siku kabla ya kulala.

Hapa ndipo watu wazima wengi tunapoharibu. Tunakipenda kitu, kisha tunakipa tuzo, malengo, picha za kuwaonyesha wenzetu, na baadaye tunashangaa hamu imekwenda wapi. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani, Mark Lepper na wenzake, waliwachukua watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti wakichora, wengine walipewa cheti bila kutarajia, wengine hawakupewa kitu. Baadaye, walipoachwa wajichagulie la kufanya, wale walioahidiwa cheti walichora kidogo kuliko makundi yale mengine. Kalamu zilikuwa zilezile. Kuchora kulikuwa kumegeuka njia ya kupatia kitu kingine.

Mfaransa Roger Caillois, mwaka 1958, aliigawa michezo mafungu manne: mashindano, bahati nasibu, kuigiza, na ile ya kusaka kizunguzungu, kama bembea au kujizungusha mpaka dunia iyumbe. Nikiwatazama watu wazima naona tumeyashika mawili ya mwanzo kwa mikono yote na kuyaachia mawili ya mwisho. Tunashindana na tunabahatisha. Kuigiza sauti ya simba, au kubingirika kwenye mteremko wa nyasi, tunasubiri mpaka tuwe na mtoto wa kutusitiri. Na hayo mawili tuliyobaki nayo ndiyo yanayogeuka haraka: bahati nasibu inayochezwa ili kupata kodi ya nyumba imeshaacha kuwa mchezo.

Sasa, ustawi. Maneno haya mawili, mchezo na ustawi, siku hizi hutembea pamoja mpaka yanadhaniwa ni kitu kimoja. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inaieleza afya kuwa hali ya kuwa vyema kabisa kimwili, kiakili na kijamii, na si kukosa maradhi tu. Hiyo ni hali ya mtu. Mchezo ni namna ya kufanya jambo. Usingizi unajenga ustawi, lakini kulala si kucheza. Dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, ambazo shirika hilo linawashauri watu wazima, unaweza kuzimaliza umekunja uso tangu mwanzo hadi mwisho. Moyo na mapafu vitafaidika, kucheza hukucheza. Na kuperuzi simu saa mbili kitandani? Naona si mchezo, na mara nyingi hata mapumziko si.

Vinakutana wapi, basi? Anayecheza hutumia mwili, hucheka, hukaa na watu, husahau kwa muda kinachomsumbua, na yote hayo yanaujenga ustawi. Lakini faida hizo huja kwa mlango wa nyuma. Mwajiri anayewaambia wafanyakazi "chezeni ili mzalishe zaidi" ameongeza kazi nyingine juu ya kazi, hata akileta mpira na muziki.

Hata mikataba ya dunia imetuacha njiani kidogo. Azimio la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ibara ya 24, linampa kila mtu haki ya kupumzika na kustarehe, pamoja na saa za kazi zenye kikomo na likizo yenye malipo. Neno kucheza halimo. Limo katika ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, na haki hizo ni za aliye chini ya miaka 18.

Kutenga nafasi si lazima kuwe kutafuta saa mpya. Anayefanya kazi mbili na kuuguza mzazi hana saa hiyo, na kumwambia aitafute ni kumsimanga. Nafasi yake yaweza kuwa dakika tatu za kutaniana na mwenziwe wakiosha vyombo, au njia ya kurudi nyumbani aliyoichagua kwa sababu tu hajawahi kuipita. Mwenye muda zaidi naye ana kikwazo chake: aibu ya kutojua. Tumezoea kuonekana tunaweza. Kujifunza gitaa ukiwa na miaka 50 ni kupiga vibaya miezi mingi, na ajabu ni kwamba hapo ndipo mchezo unapopatikana, kwa kuwa hakuna anayekutegemea upige vizuri. Mwenzi wa kucheza husaidia sana. Kuweka kumbukumbu ya maendeleo, sikushauri.

Kuna hali moja ambayo maelezo haya hayaifikii. Mtu ambaye kwa wiki mbili au zaidi haoni ladha ya chochote alichokuwa akikipenda, hana uvivu wa kucheza. Hiyo ni mojawapo ya dalili kuu za sonona, na anayefaa kuonwa ni daktari au mshauri wa afya ya akili. Kumvuta mkono aje uwanjani kwa nguvu kutamchosha tu. Mpelekeni kwanza, mpira utamsubiri.