Mionzi kwenye udongo: chembe moja hutafutwaje?

Nyumba yetu ya Bwiru, Mwanza, imekaa juu ya mawe. Nasikia yana mionzi. Kweli?

Kweli, ila usihame. Graniti, ndilo jiwe hilo la kwenu, hubeba urani, thori na potasiamu-40, vitu vyenye mionzi ya asili, kwa kiasi kidogo tangu jiwe lenyewe lilipoumbika, na udongo unaotokana nayo huwa navyo pia. Mionzi hiyo ni hafifu na imetawanyika kote. Hakuna chembe ya kuwinda hapo.

Sasa hao wanaowinda chembe wanatafuta nini?

Mabaki ya ajali za vinu vya nyuklia. Chernobyl, kule Ukraine, mwaka 1986 ilirusha vipande vidogo mno vya fueli ya urani. Fukushima, Japani, mwaka 2011 ikatoa, pamoja na mengine, vijichembe kama vya kioo vyenye seziamu-137, metali yenye mionzi mikali, vingine havifiki hata sehemu ya mia ya milimita. Ukisaga udongo wote na kupima wastani, chembe humezwa na hesabu. Ni kama kijiwe kwenye gunia la dagaa: mzani haukioni, jino hukiona. Na chembe isiyoyeyuka upesi, ikivutwa na kunasa pafuni, hupiga seli za jirani tu kwa muda mrefu, ndiyo maana wastani hautoshi.

Chembe hiyo hutolewaje kwenye udongo?

Udongo hukaushwa, huchekechwa, hutandazwa ukawa mwembamba na kufunikwa plastiki. Juu yake hulazwa bamba linalonasa mionzi. Likisomwa baadaye, vitone huonyesha chembe zilipo. Udongo wa pale tu huchotwa, hutiwa maji na kugawanywa mara mbili, kisha kila fungu hupimwa. Lililo kimya huwekwa kando, linaloliza kipimo hugawanywa tena, na tena, mpaka libaki tone lenye punje chache za kuweka chini ya darubini ya elektroni. Asidi ingefupisha kazi, lakini ingeyeyusha umbo la chembe, na umbo ndilo linaloeleza ilizaliwa katika joto gani. Kazi ya watu wenye subira, kwa kweli.

Mimi naponda kokoto, mume wangu ananunua chuma chakavu. Tupime udongo wetu?

Mama, kwako hofu kubwa ni vumbi. Silika, madini yaliyomo kwenye vumbi la graniti, huharibu mapafu kabisa, na hilo halingoji ajali ya kinu. Lowesha jiwe kabla ya kuponda, kaa upande upepo unakotoka, na watoto wakae mbali.

Baba ndiye wa kuangalia mionzi. Huko Goiânia, Brazil, mwaka 1987, kifaa cha tiba kilichoachwa kwenye kliniki iliyohamwa kiliishia kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Kikafunguliwa, unga wa seziamu-137 ukapita mikononi mwa watu, wanne wakafa. Akiletewa chuma kizito kisicho cha kawaida chenye alama ya mionzi, ile ya mapanga matatu, asikikate wala kukifungua. Awaondoe watu, kisha aite polisi au Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Asikibebe kuwapelekea, waje wenyewe na vipimo vyao.