TR-909 si analogi tupu

Wanunuzi wa mashine za ngoma za zamani huambiwa kwamba Roland TR-909, iliyotoka mwaka 1983, ni analogi mwanzo mwisho, yaani kila sauti yake huundwa na saketi za umeme, si rekodi. Si kweli. Ngoma kubwa, snea na makofi ndiyo hutengenezwa na saketi za analogi. Matoazi, hai-hati (jozi ya matoazi yanayogongana) zikiwemo, ni sauti halisi zilizorekodiwa kidijitali kwa biti 6 (ubora wa chini) na kuhifadhiwa ndani ya chipu. Zungusha kitufe cha Tune cha toazi kurudi chini: mlio unashuka, unarefuka, na mikwaruzo inajitokeza, kwa sababu rekodi inasomwa polepole. Kwangu mimi, mikwaruzo hiyo ndiyo utamu wenyewe wa hausi, muziki wa dansi wa Chicago. Unataka analogi tupu? Tafuta mashine ya Roland iliyoitangulia, TR-808 ya mwaka 1980, kama mfuko unaruhusu.