Eti Mwingereza ndo alimtoa Mjerumani Kigoma? Tuwekane sawa kidogo

Hii naisikia sana huku kwetu, kwenye vijiwe vya kahawa Mwanga mpaka kwa watu wenye digrii zao, kwamba vita ya kwanza iliisha, Mjerumani kapigwa, Mwingereza akachukua Tanganyika, stori imeisha. Sio kweli jamani. Aliyeingia Kigoma mwisho wa Julai 1916 ni Mbelgiji, na askari wake wengi walikuwa Wakongo, alafu Septemba 19 wakaichukua na Tabora. Mjerumani kabla hajakimbia akaizamisha meli yake mwenyewe, Graf von Götzen, ndo hiyo hiyo Liemba yetu. Tabora Mbelgiji aliiachia 1917, ila Kigoma na Ujiji alikaa mpaka 1921.

Dhana nyingine ni kwamba washindi walifika Paris 1919, kwenye mkutano wa amani baada ya vita, wakiwa kitu kimoja. Wapi! Clemenceau wa Ufaransa alikuwa mzee ambaye nchi yake imevamiwa na Wajerumani mara 2 yeye akiwa hai, 1870 na 1914, kwahiyo alichotaka ni Mjerumani anyang'anywe nguvu za kurudi tena: majimbo ya Alsace na Lorraine yarudi Ufaransa, Rhineland (eneo la Ujerumani linalopakana na Ufaransa) isiwe na jeshi, na fidia ilipwe. Wilson wa Marekani kaja na pointi zake 14 za amani na wazo la Ushirika wa Mataifa (League of Nations), hataki makoloni yagawanywe kama nyara. Lloyd George wa Uingereza, huyu ndo mjanja wao, manowari za Mjerumani kashazipata, makoloni yashashikwa, sasa anaanza kuhurumia maana Mjerumani akifilisika kabisa nani atanunua bidhaa za Uingereza, na huku nyumbani muungano wake wa vyama uliwaahidi wapiga kura kwamba Mjerumani atalipa mpaka basi. Orlando wa Italia alinyimwa mji wa bandari wa Fiume, mwezi wa 4 akasusa akarudi zake Roma.

Na wale wanaosema fidia ya mabilioni imeandikwa kwenye mkataba wa Versailles, ule wa amani na Mjerumani wa 1919, hapana, kiasi hakikuandikwa mle kwa sababu hawakuelewana. Marki za dhahabu bilioni 132 zilitajwa 1921.

Kwenye makoloni wakapatana kwa kitu kinaitwa udhamini (mandate), nchi inalishika koloni kwa niaba ya Ushirika wa Mataifa, sio mali yake, yani Wilson anapata jina zuri na Mwingereza anapata ardhi, mimi naona hapo Wilson alipigwa changa la macho. Mei 7, 1919 wakubwa wakampa Mwingereza Afrika Mashariki ya Kijerumani yote. Mbelgiji hakuwa hata mezani, akaja juu, askari wake si wako Kigoma bado? Ikabidi Lord Milner, waziri wa makoloni wa Uingereza, akae na Pierre Orts wa Ubelgiji, mwisho wa mwezi huo huo wakakubaliana Rwanda na Burundi ziende Ubelgiji.

Hapa ndo watu wengi wanakosea, wanadhani Mbelgiji alikuwa anazililia Rwanda na Burundi. Hesabu zake zilikuwa mbali kabisa, alitaka kuzitumia kwenye biashara ya kubadilishana ili mwisho wa siku apate ardhi ya Mreno kule mto Kongo unapoingia baharini, upande wa kusini. Mreno akagoma. Ndo akabaki nazo. Muha, Mrundi, Mnyamwezi, hakuna aliyeulizwa.

Na hata 1921 alipoondoka Kigoma hakuondoka mazima, Mwingereza alimpangisha eneo bandarini hapa na lingine Dar es Salaam, kodi faranga 1 kwa mwaka, milele! mizigo ya Kongo ikawa inapita bila ushuru. Novemba 1961, uhuru ukiwa bado siku chache tu, Nyerere akatangaza kwamba mkataba huo Tanganyika haiutambui, maana Mwingereza mwenyewe alikuwa mdhamini wa muda tu, sasa milele alimpangisha mtu kama nani?