Mvua ya mwisho ya Black Sabbath: kwa nini wasikilizaji wa albamu iitwayo 13 hawajapatana

Kazi yangu ni mastaringi. Nyimbo zikisharekodiwa na kuchanganywa huletwa kwangu nizipe sauti ya mwisho kabla hazijatoka. Kwa hiyo mtu akiniambia albamu fulani inamchosha, sibishani naye kuhusu ladha. Namuuliza mambo mawili: ulianza kuchoka wimbo wa ngapi, na ulipopunguza sauti uchovu uliisha au ulibaki? Hakuna albamu niliyoiulizia maswali hayo mara nyingi kama ile iitwayo 13, albamu ya mwisho ya bendi ya Kiingereza Black Sabbath iliyotoka Juni 2013. Ukiitaja mbele ya wapenzi wa roki nzito, watu hugawanyika papo hapo.

Wapo walioipokea kama mtu anavyompokea ndugu aliyepotea miaka mingi. Wapo walioizima wimbo wa nne haujaisha. Nimewasikiliza wa pande zote mbili, nami nina msimamo wangu: sehemu kubwa ya lawama zinazotupiwa utunzi na uzee wa wapigaji zinastahili kwenda kwenye namna sauti ilivyobanwa mwishoni. Wale wazee walipiga vizuri kuliko tunavyosikia.

Kwanza tukumbuke uzito wa tukio lenyewe. Mara ya mwisho mwimbaji Ozzy Osbourne kukamilisha albamu ya studio na bendi hii ilikuwa 1978. Miaka 35 ilikuwa imepita. Mapema 2012, muda mfupi baada ya kutangaza kwamba wanarudi pamoja, mpiga gitaa Tony Iommi alikutwa na limfoma, saratani ya mfumo wa limfu, na wenzake wakamfuata Uingereza ili waendelee kutunga huku yeye akitibiwa. Mtu anayepiga gitaa kwa vidole viwili vyenye kofia za plastiki, kwa kuwa ncha zake zilikatwa na mashine kiwandani Birmingham akiwa na miaka 17, sasa alikuwa akitunga kati ya tiba moja na nyingine. Albamu ilipotoka ilishika namba moja Uingereza, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya tangu 1970. Marekani ilishika namba moja kwa mara ya kwanza kabisa katika historia yao, ikiuza nakala takriban 155,000 wiki ya kwanza. Upendo ulikuwepo, hilo halina ubishi.

Lawama ya kwanza utakayoisikia ni kwamba wamejiiga wenyewe. Wimbo wa kwanza unaanza kwa mapigo mazito ya polepole, kisha kila kitu kinanyamaza na Ozzy anaingia peke yake kwa sauti ya chini, sawasawa na wimbo uliofungua albamu yao ya kwanza ya 1970. Wimbo wa nne, wenye gitaa kavu lisilo la umeme na ngoma za mkono, ni pacha wa ule wimbo wao mtulivu wa anga za mbali kwenye albamu ya Paranoid. Wanaolaumu wamesikia sawa. Prodyuza Rick Rubin aliwaketisha waisikilize upya albamu yao ya kwanza na akawataka wasahau kwamba kuna mtindo wa roki nzito unaoitwa metali, wapige kama vijana wa bluzi waliokuwa kabla jina hilo halijazaliwa. Kufanana huko kulikusudiwa. Mimi naona dawa hii ilifanya kazi nusu. Kwenye wimbo wa kwanza nasikia watu wanaokumbuka. Kwenye Damaged Soul, ule wa bluzi wa karibu mwisho, nasikia watu wanaopiga: Ozzy anapuliza harmonika, Geezer Butler anavuta noti za besi mpaka zinalegea, na Iommi anaachia solo lisilo na haraka yoyote. Anayesema albamu nzima ni nakala ya zamani, naomba arudie wimbo huo mmoja tu.

Lawama ya pili ni ngoma, na hapa wasikilizaji wana uchungu wa kweli. Bill Ward, mpiga drams wa tangu mwanzo, hakuwemo kwa sababu hawakuafikiana kuhusu mkataba. Kiti chake kilikaliwa na Brad Wilk wa bendi ya Rage Against the Machine. Wilk ni fundi, na alifanya alichoombwa. Lakini Ward alikua akisikiliza jazi ya bendi kubwa, na mkono wake ulikuwa na mbembeo: pigo la snea, ile ngoma ya mlio mkali, linachelewa kidogo mno, kidogo kiasi kwamba huwezi kulihesabu, na hilo ndilo linalofanya gitaa zito litembee kwa madaha. Wilk anapiga katikati ya pigo. Anayesema "hii si Sabbath" mara nyingi hajui kueleza kwa nini, ila mguu wake unajua, kwa sababu haukutikisika kama ulivyozoea.

Sasa nije kwenye sauti, maana hapa ndipo ninaposhinda siku nzima.

Kwenye sauti ya dijitali kuna dari. Mita inasoma sifuri, na juu yake hakuna kitu. Ukitaka wimbo usikike mkubwa kuliko wa jirani, huwezi kuliinua dari. Unachoweza ni kuinua sakafu: vile vilivyo vidogo unavipandisha, na vilele vinavyogonga dari unavifyeka kwa kifaa kinachoitwa limita. Ukifyeka kidogo, wimbo unakaza na kupendeza. Ukifyeka sana, mwanya kati ya sauti ndogo na kubwa unakufa. Snea haigongi tena, inasukuma tu. Pumzi kati ya noti na noti inajaa ukungu. Ubongo wa msikilizaji unakosa mahali pa kupumzika, na baada ya dakika 20 anasema "inachosha", anadhani ni nyimbo.

Nilipoifungua 13 kwenye programu yangu ya kazi na kutazama umbo la mawimbi yake, niliona tofali. Nilichukua vesi ya kwanza ya wimbo wa kwanza, pale Ozzy anapoimba taratibu, nikailinganisha na pale bendi yote inaporudi. Sikio linasubiri mlipuko. Mita inasogea kidogo tu. Kisha nikafungua wimbo wa kwanza wa albamu ya 1970, iliyorekodiwa takriban siku moja tu kwenye mashine ya kanda yenye njia nne. Kwenye vesi unasikia chumba, unasikia besi ikizunguka peke yake gizani, na gitaa linaporudi unashtuka hata kama umeusikia wimbo huo maisha yako yote. Watu walewale, wazo lilelile la utunzi. Tofauti ni kwamba mmoja umeachiwa nafasi ya kutisha na mwingine haukuachiwa.

Malalamiko haya hayakuanzia hapa. Mwaka 2008 albamu ya bendi ya Metallica iliyosimamiwa na Rubin huyohuyo ilizua vita kubwa, kiasi kwamba mashabiki waligundua nyimbo zilezile zinasikika vizuri zaidi ndani ya mchezo wa kompyuta kuliko kwenye CD, kwa kuwa toleo la mchezo halikuwa limebanwa sana. Mashabiki ndio waliosikia kwanza, wakapima baadaye. Ndiyo maana nakasirika ninaposikia watu wa fani yangu wakiwadharau wasikilizaji kwamba hawana masikio. Wana masikio. Kinachokosekana ni msamiati, na msamiati tunao sisi.

La kusikitisha zaidi ni kwamba mbio hizi siku hizi hazina faida yoyote. Spotify kwa kawaida hushusha nyimbo zilizo kubwa mno hadi karibu LUFS 14 chini ya dari (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), zilingane na nyingine. Kwa hiyo ukubwa uliotafutwa kwa gharama ya uhai unanyang'anywa mlangoni, ubapa unabaki.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, zima nyongeza zote za besi kwenye simu au spika, weka wimbo wao wa zamani na mmoja kutoka albamu ya 2013, kwa kufuatana, na punguza ule mpya mpaka sauti ya Ozzy iwe na ukubwa uleule kwenye zote mbili. Usiruke hatua hiyo, maana sikio hudanganyika, hudhani chenye sauti kubwa ndicho kizuri. Halafu fuata snea peke yake. Dakika tatu zinatosha.

Kuhusu sauti ya Ozzy sina mengi. Alikuwa na miaka 64, na imenyooshwa studio kwenye sehemu kadhaa, hilo linasikika. Mimi ningeiacha ipinde kidogo. Maneno mengi ni ya Butler, yanazungumzia kifo, imani na shaka, na sauti inayotetereka ingeyabeba vizuri kuliko iliyopigwa pasi.

Tangu mwaka 2025 nimeona maoni yakibadilika. Tarehe 5 Julai wanne wote wa mwanzo, Ward akiwemo, walipiga pamoja kwenye uwanja wa Villa Park, mjini kwao Birmingham. Walipiga nyimbo nne, zote za 1970, hata moja kutoka 13 haikuwemo. Siku 17 baadaye Ozzy akafariki. Watu walioitupa albamu hii zamani wamerudi kuisikiliza, na wengi wananiambia sasa wimbo wa mwisho unawakaba koo. Hakuna aliyebadilisha mastaringi. Msikilizaji ndiye aliyebadilika, na hilo nalo ni sehemu ya sauti ingawa sina mita ya kulipima.

Wimbo huo unaishia kwa mvua, radi na kengele, sauti zilezile zilizofungua albamu yao ya kwanza. Wengine huona ni ujanja wa kufunga mduara. Usiku nilioipima, nilikuwa nimekaa karibu saa nzima nikitazama mita ikiwa imegandamana juu, haishuki. Kisha gitaa likakatika, mvua ikaanza, na mita ikashuka. Nilisikia matone yaliyo mbali na yaliyo karibu, na kengele ikiwa na nafasi ya kufifia mpaka mwisho. Niliiacha ipige, sikugusa kitu.