Nkejje Wachache Kwenye Beseni Si Dalili ya Usalama

Hoja hii nimeisikia tena, na safari hii kwa watu waliopaswa kujua zaidi: mashua zinazovua mukene, yaani dagaa wa Ziwa Victoria, zinanasa nkejje, wale samaki wadogo waitwao furu kwa Kiswahili, kwa asilimia ndogo tu, kwa hiyo uvuvi wa mukene hauna madhara kwa nkejje. Inasemwa mialoni samaki wanaposhushwa, inarudiwa vikaoni, halafu inaingia kwenye ripoti na kugeuka ukweli. Ningependa tuimalize hapa, kwa hesabu.

Kabla ya hapo, niondoe hoja ndogo. Wapo wanaodai kwamba upande wetu wa Ziwa Victoria hakuna samaki wasiolengwa kwa sababu hakuna kinachotupwa. Ni kweli hakitupwi. Nkejje huliwa na wavuvi wenyewe, huanikwa, hutumika kama chambo cha mputa (sangara) kwenye ndoano, na hapa Buganda waliokaushwa kwa moshi bado wanatafutwa mtoto akipata surua. Lakini samaki aliyekufa amekwisha toka kwenye kundi linalozaliana, awe ameishia chunguni au amerudishwa majini tumbo juu. Tathmini ya hatari inahesabu vifo. Matumizi ya aliyekufa ni suala la uchumi, na halali kabisa, ila ni suala jingine.

Sasa asilimia. Asilimia ya nkejje kwenye beseni inatokana na vitu viwili: uzito wa nkejje ukigawanywa kwa uzito wa mavuno yote, ambayo karibu yote ni mukene. Ziwa lenyewe halimo kwenye hesabu hiyo. Hujaambiwa wamebaki nkejje wangapi, wala wanazaana kwa kasi gani. Mukene wakishamiri mwaka huu, asilimia ya nkejje itashuka hata kama idadi ya nkejje waliouawa ni ileile ya mwaka jana. Na lililo baya zaidi ni hili: nkejje wakipungua ziwani, watapungua na kwenye wavu, asilimia itashuka tena, na msomaji wa ripoti atafurahi. Kipimo kinapendeza zaidi kadiri samaki anavyokwisha. Ukitumia kipimo cha namna hiyo kulinda spishi, siku itakapotoweka utaandika sifuri na kuiita mafanikio.

Mtu mwenye kuku 1,000 akichukuliwa 5 na kicheche, ataweka mtego na kuendelea na kazi. Mwenye kuku 6 akichukuliwa 5, hana tena banda. Kinachotofautisha wawili hawa ni idadi ya waliobaki, na hiyo ndiyo beseni haiwezi kukuonyesha.

Mfano ulio wazi zaidi duniani hautoki kwetu. Kwenye Ghuba ya California nchini Meksiko kuna pomboo mdogo anayeitwa vaquita. Hakuna anayemvua kwa makusudi. Ananaswa kwenye nyavu za kutega zinazowekewa kambamiti na samaki aitwaye totoaba. Utafiti wa mwaka 1997 ulikadiria walikuwapo 567. Kufikia 2018 makadirio yalikuwa chini ya 20. Mvuvi wa kule angeweza kuvua miaka mingi bila kumwona vaquita hata mmoja kwenye wavu wake, na akasema kweli tupu. Kwa asilimia ya mavuno, vaquita hakuwahi kuwa kitu.

Wanaoshughulika na wanyama wa baharini walilielewa hili mapema, ndiyo maana Marekani, tangu marekebisho ya sheria yao mwaka 1994, wanatumia kikomo cha vifo kinachoanzia kwenye idadi ya wanyama wenyewe. Unachukua makadirio ya chini ya idadi yao, unazidisha kwa nusu ya kasi ya juu kabisa wanayoweza kuongezeka nayo kwa mwaka, kisha unazidisha kwa kigezo cha tahadhari kati ya 0.1 na 1. Kwa nyangumi na pomboo kasi hiyo huwekwa 0.04 kama hakuna takwimu bora. Chukua kundi la wanyama 400 walio hatarini, kwa mfano tu: 400 × 0.02 × 0.1 ni 0.8. Chini ya mnyama mmoja kwa mwaka, kwa nyavu zote na wavuvi wote. Nani atakiona kiasi hicho kwenye asilimia ya mavuno?

Kwa samaki wadogo wa ziwani hatuwezi kuhesabu kichwa kwa kichwa, kwa hiyo tunarudi kwenye tathmini ya uzalishaji na uwezekano wa kunaswa, mbinu ya kukadiria hatari kwa kutoa alama. Mbinu hii ilikulia Australia, kwenye uvuvi wa kambamiti wa kaskazini, mahali ambapo nyavu za kukokota zilikuwa zinaleta mamia ya spishi zisizo na takwimu. Kila sifa inapewa alama 1 hadi 3, na 3 ndiyo ya hatari zaidi. Uzalishaji, yaani uwezo wa spishi kuzaana na kujaza pengo, una sifa saba: umri wa kukomaa, umri wa juu, idadi ya mayai, urefu wa juu, urefu wa kukomaa, namna ya kuzaa, na ngazi ya chakula, yaani anakula mimea au anakula samaki wengine. Unachukua wastani wake. Kunaswa kuna sifa nne: eneo la uvuvi linaingiliana kiasi gani na makazi ya spishi, wavu unamfikia kwenye kina chake au la, matundu yanamshika au yanampitisha, na je, akishanaswa anapona? Hizi nne zinazidishwa, unatoa 1, unagawanya kwa 40, unaongeza 1. Mwisho unachukua kipeo cha pili cha kila upande, unajumlisha, unatafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Chini ya 2.64 ni hatari ndogo, juu ya 3.18 ni kubwa, katikati ni ya wastani.

Inaonekana ya kisayansi sana, na ni mbinu ninayoitumia na kuitetea. Lakini tazama inavyoweza kukupeleka popote.

Chukua nkejje mla samaki wadogo. Anakomaa mapema, haishi sana, ni mfupi: alama 1 mara nne. Mayai yake ni machache na jike huyalea mdomoni: 3 na 3. Ngazi ya chakula: 3. Wastani ni 1.86. Sasa upande wa kunaswa. Taa za mukene zinamvuta juu, matundu ya milimita 8 hayampitishi, na akinaswa hufa: 3, 3, 3. Imebaki sifa moja, mwingiliano wa maeneo. Chini ya asilimia 10 ni alama 1, kati ya 10 na 30 ni 2, zaidi ya 30 ni 3. Ukimpa 3, matokeo ni 3.53, hatari kubwa. Ukimpa 2, ni 2.98, wastani. Ukimpa 1, ni 2.48, hatari ndogo. Alama moja kati ya kumi na moja imempitisha samaki yuleyule kwenye madaraja yote matatu.

Na alama hiyo inategemea swali ambalo watu hulipita mbio: makazi ya nani? Ukisema "nkejje" kwa ujumla, makazi yao ni ziwa zima, kilomita za mraba 68,800, na mashua za mukene za wilaya moja zitaonekana zinagusa kipande tu. Utaandika 1. Lakini nkejje ni mamia ya spishi. Wale wa kwenye miamba, wengine hawajulikani nje ya visiwa vichache vyenye mawe. Hawavuki maji ya tope yaliyo wazi kwenda kisiwa kingine. Kwa spishi kama hiyo, mashua kumi zinazowasha taa pembeni ya kisiwa kimoja kila giza la mwezi zimefunika makazi yake yote. Alama ni 3. Anayejaza fomu kwa jina la kundi zima hajadanganya mahali popote, na bado jibu lake halifai. Fomu zetu nyingi za tathmini ya mavuno mialoni zina mstari mmoja tu wa nkejje. Mstari mmoja kwa mamia ya spishi!

Halafu ningu, samaki wa ziwani anayepanda mito kwenda kutaga. Huyu IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, imemweka kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Anakula vitu vya chini kwenye ngazi ya chakula, anakomaa mapema, hutaga mayai kwa makumi ya maelfu. Alama zake za uzalishaji ni 1 kila mahali, wastani 1. Mpe sasa 3 kwenye kila sifa ya kunaswa, yaani uvuvi unamfikia popote alipo na haponi kamwe. Kipeuo cha pili cha 1 + 9 ni 3.16. Kikomo cha hatari kubwa ni 3.18. Kwa mbinu hii ningu hawezi kufika hatari kubwa hata tukivua kila kona ya makazi yake.

Vitabu vinaupita upungufu huu kwa sentensi moja, nami naona ni msingi wa mambo. Mbinu haijui kwamba samaki amekwisha pungua. Inauliza ana uwezo gani wa kuzaana, haiulizi wamebaki wangapi wa kuzaana. Vikomo vyenyewe, 2.64 na 3.18, havikutokana na baiolojia ya samaki yeyote. Vinaligawa tu eneo la alama zote zinazowezekana katika mafungu matatu sawa. Na sifa isiyo na takwimu hupewa 3 kwa tahadhari, jambo ninalolikubali, ila linafanya "hatari kubwa" iwe na maana mbili: tunajua ni hatari, au hatujui kitu. Mimi huziandika kwa rangi mbili tofauti kwenye jedwali, kwa sababu ya kwanza inadai hatua na ya pili inadai utafiti, na mkubwa wa ofisi akiziona zimechanganywa atazipuuza zote.

Ningu pia anaonyesha kwamba mwingiliano wa maeneo bila majira ni nusu ya habari. Mvua zikianza anakusanyika kwenye midomo ya mito, Kagera upande wa Kasensero, Sio upande wa Busia, apande kwenda kutaga. Nyavu za kutega zilizowekwa mdomoni mwa mto wiki hizo zinakamata majike wenye mayai, na uvuvi wake ulianguka karne iliyopita kwa njia hiyohiyo. Ukipima eneo kwa mwaka mzima, mdomo wa mto ni nukta kwenye ramani. Kwa samaki huyu pima wiki za mvua peke yake.

Kuhusu kurudisha majini. Nasikia ushauri wa kuwaachia nkejje wakiwa hai. Jike anayelea mdomoni akibanwa na wavu hutema mayai au vifaranga palepale. Ukimrudisha akaogelea vizuri, kizazi chake kimebaki kwenye mashua. Alama ya kupona baada ya kunaswa isishushwe kwa sababu umeona mkia ukicheza.

Sampuli ndiyo inayoharibu mengine yote. Usichote juu ya beseni: samaki wakubwa na wadogo hujitenga wakitikiswa njiani. Pima uzito wa beseni zima, chota juu, katikati na chini, changanya, chukua kilo 2 au 3, zipange, hesabu na upime nkejje, kisha zidisha kwa uzito wote ukigawa kwa uzito wa sampuli. Uliza pia walichotoa kabla ya kufika mwaloni, kwa sababu kitoweo cha wavuvi na chambo vimekwisha chambuliwa humo majini. Andika umbo la mwezi, kina, umbali kutoka ufukweni, matundu ya wavu na aina ya taa. Bila hayo, jumla yako haiwezi kulinganishwa na ya mwezi ujao.

Na ukikuta sifuri, usiandike kwamba spishi hainaswi. Kama umekagua safari 60 na ningu hakuonekana, gawa 3 kwa 60: kwa uhakika wa asilimia 95, kiwango halisi kinaweza kufika safari 5 katika kila 100. Kama mashua za eneo hilo zinafanya safari 20,000 kwa mwaka, hizo ni safari hadi 1,000 zenye ningu. Kwenye safu ya matokeo, andika hiyo 1,000 pembeni ya sifuri.