Funga daftari kwanza: jinsi ya kusomea S6 kama unataka udaktari

Nafundisha bayolojia S5 na S6, yaani miaka miwili ya mwisho ya sekondari, huku Busia mpakani mwa Uganda na Kenya, na swali ninaloulizwa kuliko yote, na wanafunzi na hata wazazi, ni hili: mwalimu, mtoto anakesha, noti zake zote ziko safi, mbona kwenye mock, ule mtihani wa majaribio, amepata D? Nataka nijibu kwa kirefu kwa sababu jibu lipo, tena watu wamelifanyia utafiti, sio mambo ya walimu kukisia tu.

Kwanza tuelewane ni mtihani gani. Uganda hatuna mtihani wa pekee wa kuingilia udaktari kama MCAT ya Wamarekani, kwa wengi wanaotoka shule moja kwa moja mlango ni UACE basi, yaani mtihani wa mwisho wa S6 unaotolewa na UNEB, baraza la mitihani la taifa. A ni pointi 6, B ni 5, inashuka hivyo mpaka E yenye 2. Halafu chuo kama Makerere kinapopanga uzito, masomo ya lazima ya kozi yanazidishwa mara 3 na linalofuata mara 2, na kwa udaktari bayolojia na kemia ndizo za mara 3. Sasa piga hesabu, ukishuka kutoka A kwenda B kwenye kemia hujapoteza 1, umepoteza 3, na kwenye kozi ambayo watu wanapishana kwa nukta hiyo ni nafasi imekwenda. Iwe Makerere ambako udaktari unafundishwa tangu 1924, iwe Mbarara, Gulu ama Busitema ya hapa kwetu ambayo kitivo chake cha afya kiko Mbale, viti ni vichache kuliko wanaovitaka. Kwa hiyo namna unavyosoma ni jambo zito.

Tatizo ninaloliona kila muhula ni kurudia kusoma. Mtu anafungua noti za figo, anapita na haileta ya njano akipaka rangi mistari, kesho anapita tena, siku ya tatu kila sentensi anaiona ni rafiki yake wa zamani, anajiambia hii topiki nimeimaliza. Lakini alichozoea pale ni ukurasa, na siku ya mtihani ukurasa haupo, kuna swali na karatasi tupu, na kutoa kitu kichwani bila kukiona ni kazi ambayo hajaifanya hata mara moja tangu muhula uanze.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vifupi wasome. Wengine walisoma wakarudia kusoma, wengine walisoma kisha wakaandika wanachokumbuka bila kuangalia. Walipopimwa baada ya dakika 5 waliorudia kusoma ndio waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka, waliorudia kusoma walibaki na 42, waliojipima walikuwa na 56. Zile dakika 5 ndizo zinazowaponza vijana wetu, yaani ukimaliza tu kusoma unajisikia uko vizuri, na kweli kwa muda huo uko vizuri, ila pepa haiko baada ya dakika 5, iko mwisho wa mwaka. Halafu 2013 Dunlosky na wenzake walipitia mbinu 10 ambazo wanafunzi hutumia, kupiga mstari na kurudia kusoma waliziweka chini kabisa, kujipima na kugawa masomo kwa vipindi vilivyoachana ndizo walizoziweka juu.

Haya, kujipima kwenyewe kukoje? Chukua mchoro wa oksijeni na himoglobini, ile inayoibeba kwenye damu, ule ambao kila mwaka unawasumbua. Soma mara moja vizuri, funga daftari, chukua karatasi tupu. Chora mistari miwili, chini andika presha ya oksijeni kwa kilopaskali, pembeni asilimia ya himoglobini iliyojaa. Chora ule mstari wenye umbo la S. Sasa jiulize mbona S, mbona usipande tu moja kwa moja? Andika jibu kwa kalamu nyeusi: himoglobini moja ina nafasi nne, oksijeni ya kwanza ikishika inabadilisha umbo la molekuli, zinazofuata zinashika kwa urahisi zaidi. Endelea. Kaboni dioksidi ikiongezeka mstari unaenda wapi? Kulia. Maana yake nini? Kwenye presha ileile himoglobini inaachia oksijeni zaidi, na hicho ndicho msuli unaofanya kazi unachohitaji. Mtoto tumboni je? Mstari wake uko kushoto kwa mama, kwa sababu lazima avute oksijeni kutoka damu ya mama pale kwenye kondo. Na lama, mnyama wa milimani, naye kushoto, hewa ya kule ina oksijeni kidogo.

Ukikwama usifungue daftari haraka. Kaa na hilo swali kidogo, hangaika nalo, hiyo taabu ndiyo inayojenga kumbukumbu. Baadaye fungua, na kila ulichosahau ama ulichokosea kiandike kwa kalamu nyekundu palepale. Kilicho chekundu ndicho cha kusoma leo. Cheusi unacho, kiache, usipoteze saa nzima kwa kitu unachokijua kwa sababu tu kinakufurahisha kukisoma.

Siku ya tatu rudia na karatasi mpya, halafu baada ya wiki, halafu baada ya wiki mbili tatu. Wengine wanatumia kadi, unakata manila vipande, swali upande mmoja jibu upande wa pili, na maboksi ya viatu matatu. Ukipata jibu, kadi inasonga boksi la mbele ambalo unalifungua mara chache, ukikosa inarudi boksi la kwanza la kila siku. Huo mtindo ulienezwa na mwandishi mmoja, Sebastian Leitner, miaka ya 1970, na hauhitaji simu wala umeme, kwa hiyo shule za bweni unawafaa sana. Ila kadi ziwe za vitu vidogo, homoni, vimeng'enya, masharti ya mmenyuko. Kitu kirefu kama figo kifanyie karatasi tupu.

Kwenye kemia ugonjwa ni tofauti kidogo. Mwanafunzi anafanya maswali 20 ya alkoholi mfululizo, yote anapata, anafurahi, kumbe swali la kwanza tu ndilo alilofikiria, mengine 19 mkono ulikuwa unafuata njia. Mtihani hauletwi kwa mpangilio wa topiki. Changanya! Swali moja la alkoholi, linalofuata la usawa wa kikemia, la tatu la elektrodi, kisha urudi kwenye alkoholi. Utakuwa unaenda polepole na utakosea zaidi, usiogope, kwa sababu sasa unajifunza kuchagua njia, na kuchagua ndiko kunakopimwa. Mfano mdogo: ethanoli na asidi kali ya salfuriki. Kwenye nyuzi 180 hivi na asidi ikiwa nyingi unapata etheni, kwenye 140 na ethanoli ikiwa nyingi unapata etha. Vitu ni vilevile, joto na kiasi ndio vimebadilika, na kila mwaka nasahihisha kazi za watu wanaoijua reaksheni yenyewe lakini masharti hawakuandika, maksi zinaenda hivyohivyo.

Kuhusu maswali ya grafu na data nitakuwa mkali. Swali likikwambia eleza mstari unavyokwenda, usinipe sababu, nipe mwendo: unapanda kwa kasi kutoka wapi mpaka wapi, unatulia kwenye ngapi, unashuka kuanzia lini, na namba zake. Likikwambia toa sababu, usinirudishie mwendo. Nusu ya waliofeli swali la data darasani kwangu bayolojia wanaijua, wamejibu swali ambalo hawakuulizwa. Ndio maana unapofanya pepa za zamani fanya na saa mezani, pepa ya saa mbili na nusu yenye maksi 100 inakupa dakika moja na nusu kwa maksi, basi swali la maksi 20 ni dakika 30 na unaliacha hata kama utamu umekolea. Ukimaliza chukua mwongozo wa kusahihisha, jisahihishe bila huruma, kila maksi uliyokosa iandikie sababu: sikujua, nilijua nikasahau, sikusoma swali, ama muda uliisha. Hizo ni shida nne tofauti na dawa zake hazifanani.

Wale waliofanya UCE, mtihani wa S4, mwaka 2024 ndio wa kwanza kufanya mtihani wa mtaala mpya, maswali ya hali halisi wameshayazoea, pepa za zamani bado zinawafaa kwa ajili ya maarifa yenyewe, ila wajizoeze pia kuchukua hali ya mgonjwa ama ya shamba na kuitafutia sayansi yake.

Huku mpakani wengi wetu tunaongea Kiswahili siku nzima, na mtihani ni Kiingereza. Tumieni hiyo kama nguvu jamani. Kwenye diskasheni mmoja asimame amweleze mwenzake kitanzi cha Henle, ile sehemu ya figo, kwa Kiswahili cha kawaida, bila daftari, mwenzake aulize kwa nini, kwa nini, mpaka mtu akwame. Mkielewana, kila mtu akae chini aandike kwa Kiingereza cha pepa. Anayekariri Kiingereza tupu nikimgeuzia swali kidogo anapotea, aliyeelewa kwanza hapotei.

Na kulala. Mnaamka prepu, kujisomea, saa kumi usiku baada ya kulala saa sita, halafu mnasinzia kwenye somo la mwalimu, hiyo ni hasara mara mbili kwa sababu ubongo unaimarisha yale ya mchana ukiwa usingizini. Wazazi na walimu wa bweni naomba mlisikie hili, mtoto anayelala vizuri sio mvivu.

La mwisho ni praktikali, ambayo watu wanaiacha mpaka wiki ya mwisho kwa sababu shule haina kemikali za kutosha. Hata bila kemikali fanya kwa kalamu. Nina mmumunyo, nimeweka sodiamu haidroksaidi, mashapo meupe, nikizidisha yanayeyuka: ni nani? Aluminiamu, risasi ama zinki. Sasa amonia: mashapo meupe kwa wote, ukizidisha yanayeyuka ya zinki peke yake. Kati ya aluminiamu na risasi weka potasiamu ayodaidi, ukiona njano ni risasi. Izungushe hiyo kichwani ukiwa kwenye boda, ukiwa foleni ya posho, anzia katikati, anzia mwisho, na kwenye tayitresheni usisahau kuandika bureti kwa desimali mbili hata kama ni 24.00.