Tone la damu ya kisigino: tunachotafuta kwa vichanga wa Tabora

Malalamiko yameongezeka katika wodi za wazazi na kliniki za watoto mkoani Tabora kuhusu kadi zetu za damu, yaani karatasi tunazokaushia matone ya damu ya kisigino cha kichanga. Wapo wanaosema damu ya vichanga inauzwa. Wapo wanaodai tunapima Virusi vya UKIMWI kwa siri. Hakuna anayenunua matone manne ya damu iliyokauka kwenye karatasi, na kipimo cha VVU kina utaratibu wake na ushauri nasaha wake.

Tunachotafuta ni magonjwa ya kurithi ya umetaboli. Mtoto anakosa kimeng'enya fulani, basi chakula kinachowajenga wenzake kinamdhuru yeye. Anazaliwa vizuri, analia, ananyonya. Siku chache baadaye anakataa titi, anatapika, analegea, anapumua harakaharaka, kisha degedege. Nyumbani wanasema ni mchango, anatafutiwa mizizi, na saa ambazo ubongo wake ungeokolewa zinapita.

Mkoa wetu ni wa asali, na bibi wengi humlambisha kichanga asali kabla hata hajaonja maziwa ya mama. Kwa mtoto asiyeweza kuchakata sukari ya asali na matunda, sukari ya damu hushuka ghafla na ini huanza kuharibika. Hata mtoto asiye na tatizo hilo hapewi asali kabla ya kutimiza mwaka 1, maana inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa unaopoozesha misuli. Maziwa ya mama pekee, miezi 6. Na pasiwe na anayemwachisha mtoto titi kwa kusoma makala hii. Uamuzi huo ni wa daktari baada ya vipimo.

Upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, ndio unaopatikana zaidi katika maeneo ya malaria kama kwetu, hasa kwa wavulana. Chembe nyekundu zao hupasuka zikikutana na vitu fulani, mtoto anakuwa wa manjano hadi machoni. Vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali vinavyowekwa sandukuni ili mende wasile nguo ni miongoni mwa vitu hivyo. Khanga zilizokaa navyo miezi mizima ndizo anazofunikwa mtoto siku anayotoka hospitali. Viondoeni.

Kuhusu kipimo chenyewe. Muuguzi huchukua damu mtoto akiwa na umri wa saa 24 hadi 72. Kabla ya hapo mtoto hajanyonya vya kutosha, na majibu yanaweza kupotosha. Kisigino hupashwa moto kwa kitambaa, husafishwa kwa spiriti, huchomwa pembeni, kamwe si katikati. Tone la kwanza hufutwa. Yanayofuata hujaza miduara ya kadi kwa upande mmoja tu. Kadi hulazwa kivulini zaidi ya saa 3, bila kuguswa wala kuanikwa juani, ndipo iingie kwenye bahasha. Mtoto akihitaji kuongezewa damu, kadi hujazwa kwanza. Mzazi husaini fomu ya ridhaa. Asiyejua kuandika huweka dole gumba mbele ya shahidi. Kadi inayotumika kwa utafiti hubeba namba badala ya jina, na ridhaa inaweza kuondolewa wakati wowote.

Kukataa utafiti si kosa. Kumfungia mtoto mgonjwa ndani ni jambo jingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi ampatie mtoto matibabu, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili.

Akina baba, acheni kuwarudisha wake zenu kwao. Nimelieleza hili vijijini mara nyingi na bado naulizwa mwanamke ana mkosi gani. Mengi ya magonjwa haya yanahitaji vinasaba vya wazazi wote wawili, nao huwa wazima kabisa. Kwa wazazi hao, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuleta mtoto mgonjwa.

Mwaka 1934 huko Norway, mama mmoja alikuwa amezunguka kwa madaktari akiuliza kwa nini wanawe wawili wana harufu ya ajabu. Daktari Asbjørn Følling alimsikiliza, akapima mkojo wao, na ugonjwa wa fenilketonuria, mmojawapo wa magonjwa haya ya kurithi, ukajulikana. Kwa hiyo mama, ukimleta mtoto hospitali ya Kitete au kituo chochote cha afya, taja alicholambishwa, dawa aliyopewa na saa aliyoacha kunyonya. Mkojo ukinukia sukari iliyoungua, nayo ni dalili ya mmojawapo wa magonjwa haya, liseme hilo mapema, na uombe liandikwe kwenye faili.